Mwaka wa Kufunga Mdomo

Bi Mwanaidi alizikwa Kasulu mwezi uliopita. Wanaume walipoondoka na jeneza, mimi nilibaki ukumbini na wanawake wenzangu, nimekaa mkekani, nimejitanda kanga ya kuazima. Pembeni yangu mjukuu wake alikuwa analia kwa kwikwi, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Nikajikuta namwinamia na kumnong'oneza, "Funga dirisha, mwanangu. Vuta kwa pua." Alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka katikati ya machozi, maana maneno hayo alikuwa ameyasikia maisha yake yote kutoka kwa mtu mwingine. Dirisha ni mdomo. Ndivyo Bi Mwanaidi alivyouita, na mimi nilikaa nyumbani kwake mwaka mzima nikiamriwa kulifunga. Sasa nina miaka hamsini na kitu, nimefundisha shule za msingi hadi watoto wa wanafunzi wangu wakawa wanafunzi wangu, na watu huniuliza sauti hii naitoa wapi. Naitoa kwenye mwaka ule.

Wazazi wangu walifikaje Kumsenga, na kutoka wapi, sitaeleza hapa. Inatosha kujua kwamba nyumbani tulisema Kirundi, majirani walisema Kiha, lugha mbili zinazosikilizana bila mkalimani, na Kiswahili tulikiacha shuleni pamoja na chaki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na najitolea kufundisha darasa la tatu huku nikisubiri Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bukuru, aniandikie barua ya kuombea nafasi ya chuo cha ualimu. Sikutaka kazi nyingine duniani. Tatizo langu lilikuwa pumu. Siku moja watoto walifagia darasa bila kunyunyiza maji, na sakafu ilikuwa ya udongo. Nilisoma sentensi mbili za hadithi ya sungura, nikaitafuta pumzi ya kusomea ya tatu, nikaikosa. Nakumbuka nyuso za watoto zikinitazama kwa adabu, wakidhani nimenyamaza makusudi ili nao wanyamaze. Kisha nikaanguka. Walinipeleka Kibondo mjini nimekalishwa kwenye baiskeli, mama akikimbia nyuma, kanga mkononi.

Hapa lazima nieleze neno moja, maana neno hilo ndilo lililonipeleka Kasulu. Kwa Kiswahili, kuhema ni kutweta, ni kupumua kwa taabu kama mtu aliyepanda mlima mbio. Kwetu, kwa Kirundi na Kiha, kuhema ni kupumua tu, basi. Mzima anahema. Asiyehema tunamchimbia kaburi. Bi Mwanaidi hakulijua hilo. Alikuwa nesi mgeni kutoka Pangani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na siku ile alinichoma sindano, akanikalisha wima, akanishika mgongo mpaka kifua kikatulia. Kisha akatoka nje kumpa mama habari njema. "Mama, mshukuru Mungu," akamwambia huku akitabasamu. "Mwanao hahemi tena."

Mama alipiga yowe ambalo nililisikia nikiwa kitandani. "Mana yanje! Mwana wanje!" Alimwita Mungu wake, akaniita mimi mwanawe, akajitupa chini. Jirani yetu aliyenibeba hakungoja kusikia zaidi, alirukia baiskeli yake akarudi Kumsenga kupeleka msiba. Ilichukua dakika chache tu kuelewana. Walimwingiza mama ndani, akanikuta nimekaa nanywa chai, akanipiga kofi la bega kwa hasira ya furaha. Lakini baiskeli ilikuwa imekwenda, na hapakuwa na wa kuikimbiza. Kesho yake niliporuhusiwa tulikuta uwanja wetu umejaa watu. Wanawake wanapika, wazee wanabishana mahali pa kuchimba, Mwalimu Bukuru mwenyewe amekuja na mbao. Mwanamke mmoja aliponiona aliangusha sahani. Walionyamaza walinyamaza, waliokemea pepo walikemea, na mama akawa anazunguka akiwaeleza watu mmoja mmoja kwamba nesi alisema Kiswahili. Chakula kilikuwa kimeshaiva, nacho hakimwagwi. Nilikula maharage ya msiba wangu mwenyewe, yana mawese mengi kuliko ya Krismasi, na nikaongeza.

Watu walicheka mwaka mzima. Mimi nilicheka mpaka jioni ile ile tu, kwa sababu Mwalimu Bukuru, alipokuwa anakusanya mbao zake, aliniita kando. Hakuwa mtu mbaya. "Dafroza," akasema, "ualimu ni pumzi. Nimeshakuona umekufa mbele ya watoto mara moja, sitaki kuona mara ya pili. Tafuta kazi ya kukaa." Nikamwambia sitaki kazi ya kukaa. Akatazama mbao, akanitazama mimi. "Januari ya mwakani nitahitaji mtu wa darasa la tatu. Huyo ndiye nitakayemwandikia barua, na barua ni moja. Ukiweza kusimama vipindi viwili mfululizo, njoo. Usipoweza, usije, nakuomba." Nilitaka kumjibu jibu refu. Sikuwa na pumzi ya jibu refu. Nilimwambia nitakuja, nikaingia ndani nikalia kwa aibu, na kulia kukanibana kifua tena.

Jumapili iliyofuata Bi Mwanaidi alikuja kwetu kuomba radhi. Aliletwa kwa baiskeli, na kilo mbili za sukari mapajani. Mama alimkaribisha jikoni, mahali anapokaribishwa mtu wa karibu, na jiko letu lilikuwa kama majiko yote ya huko: kuta za udongo, mafiga katikati, mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moto, na hakuna tundu hata moja, kwa sababu baridi ya milimani haina huruma. Alikaa pale machozi yanamtiririka. Akauliza mimi nalala wapi. Mama akamwonyesha mkeka wangu, pembeni ya mafiga, mahali pa joto alipopachagua kwa upendo. Bi Mwanaidi akavuta kanga akafuta macho. "Dada yangu," akasema, "jiko lenu limefunga dirisha, na binti yenu ameliacha lake wazi. Mtazame anavyopumua kwa mdomo. Mmekosea yote mawili." Kisha akanigeukia mimi. "Mimi nilikuua kwa mdomo wangu. Nitakufufua kwa pua yako." Alikuwa amehamishiwa Kasulu, ambako mumewe, Mzee Shomari, alikuwa na duka la vitambaa. Akamwomba mama nikae naye mwaka mmoja, nimsaidie nyumba, naye anifundishe kuishi na kifua changu. Mama alifikiri muda mrefu. Hakuwa na ugomvi na dini ya mtu, ila aliogopa maneno. "Na siku ukiniletea habari zake, Mama Nesi, nitajuaje?" Bi Mwanaidi akamshika mkono. "Kuanzia leo, ukilisikia neno lile, usilie kwanza. Niulize: kwa Kiswahili au kwa Kiha?"

Chumba changu Kasulu kilikuwa stoo ya majora ya vitambaa, na usiku wa kwanza vumbi la pamba lilinibana. Asubuhi Bi Mwanaidi aliamuru majora yote yahamie sebuleni. Mwaka mzima wageni wa Mzee Shomari walikalia khaki na satini, naye mwenyewe alilalamika kila siku kwa sauti ya chini, kwa sababu sauti ya juu ilikuwa ya mkewe. Chumba kikabaki na kitanda, ndoo na dirisha lililokuwa halifungwi ila mvua ikinyesha. Ukuta ulikuwa mwembamba. Siku ya tatu, nikiwa nakunja shuka, nikamsikia Mzee Shomari akisema upande wa pili, "Mwanaidi, binti wa watu atakufia hapa. Kwao tutasema nini?" Mkewe akajibu, "Hatakufa. Na akifa, safari hii nitasema amekufa." Sauti yake ilitetemeka, na hapo nikajua kwamba yule mama wa amri alikuwa anaogopa kuliko mimi. Nilikasirika. Nilijikasirikia kwa kuwa mtu ambaye watu hupanga kabisa watakachosema akifa. Nikafunga mdomo wangu pale pale, shuka mkononi, nikavuta hewa kwa pua, ikaingia kwa shida. Nikaamua kwamba Januari nitasimama mbele ya darasa la tatu.

Mafunzo yake hayakuwa na maneno mengi. Kila asubuhi nililala chali mkekani, kikombe cha bati chenye maji tumboni, na kikombe kilitakiwa kipande na kushuka huku kifua kimetulia. Wiki za kwanza kifua ndicho kilichopanda, na kikombe kilikaa tu. Mzee Shomari akipita kwenda dukani alikuwa akiuliza kama chai imeiva. Baada ya hapo ni uji. Nilipewa bakuli la uji wa moto, na kabla ya kunywa nilipaswa kuupuliza, pumzi ndefu na nyembamba, uso wa uji utikisike bila kumwagika. "Kuvuta kila mtu anajua," alikuwa akisema. "Mwenye pumu kinachomshinda ni kutoa. Toa yote, mwanangu, usiwe mchoyo." Nilijifunza kutoa kwa muda mrefu kuliko niliotumia kuvuta. Kwa kipimo nilimtumia yeye mwenyewe. Kila alfajiri alikuwa akisoma Kurani chumbani kwake, aya nzima kwa pumzi moja, bila haraka, na mimi ukutani kwangu nilianza kutoa pumzi pamoja naye nione nitaishia wapi. Mwanzoni niliishia njiani. Sikujua maana ya neno hata moja, lakini nilijua urefu wake.

Zoezi lililonitesa lilikuwa la maji. Bomba lilikuwa chini ya kilima, nyumba juu. Siku ambazo kifua kilikuwa kizuri, nilijaza ndoo, nikaiweka kichwani, kisha nikajaza maji mdomoni na kupanda nayo hadi mlangoni, ambako Bi Mwanaidi alisimama na kikombe. Nilipaswa kuyatema yote mbele yake. "Ukibanwa, tema palepale, sitaki ushujaa wa kijinga. Lakini usipobanwa, nayataka maji yangu." Kwa mtu wa huko hiyo ni adhabu, kwa sababu Muha hapitwi bila salamu, na salamu yenyewe si ya kutupiana. Watu walisimama, wakapiga makofi taratibu kwa heshima, "Mwakeye?", wakasubiri. Nami nilipiga makofi, ndoo kichwani, nikainamisha macho, mashavu yamejaa. Wakasubiri tena. Baada ya wiki mbili mtaa mzima ulijua kwamba nesi wa Pangani amejitafutia msichana bubu kutoka Kibondo. Bibi mmoja alinionea huruma akawa ananipa ndizi mbivu, na siku nilipomjibu kwa bahati mbaya, "Mwakeye, nyogokuru," maji yalimwagikia kifuani kwangu, naye akaondoka bila kugeuka. Ndizi zikaisha.

Mabadiliko sikuyaona yakija. Katikati ya mwaka niligundua siamki tena na mdomo mkavu na kichwa kizito. Nililala moja kwa moja. Nilikuwa na njaa, nikala ugali wa muhogo na dagaa kama mtu anayelima, na siku ya Idd, lori lilipoleta nazi, nikamaliza wali hadi Mzee Shomari akaniuliza kama kwetu Wakristo wanafunga miezi yote. Hata hasira zangu zilipungua. Zamani mtu akiniudhi moyo ulikimbia, pumzi ikaufuata, na pumzi ikinikimbia hofu ikaongeza mbio. Sasa nilijua pa kushika. Sikuweza kuuamuru moyo, lakini pumzi niliweza, na moyo ukaifuata. Haya nimewafundisha watoto wengi wanaotetemeka kabla ya mtihani, na sijaona yakimpunguzia mtu chochote.

Lakini pumu ilikuwa bado yangu. Wakati wa mavuno Mzee Shomari alinichukua gulioni Nyakitonto kumsaidia kuuza. Nyuma ya banda letu watu walikuwa wanapura maharage, na upepo ukageuka. Nilijua kabla kifua hakijanibana. Nilifungua fundo la kanga, nikameza kidonge nilichotembea nacho, nikaenda upande usio na vumbi, nikakaa chini nimeegemea viwiko magotini. Mzee wa watu alisimama mbele yangu, mita ya mbao ya kupimia vitambaa mkononi, anapiga kelele lori liletwe. Nilimtazama miguu. Nilipuliza uji ambao haukuwepo, taratibu, nikavuta kidogo kwa pua, nikapuliza tena. Kifua kilipiga filimbi njia nzima hadi Kasulu, lakini sikuzimia wala sikulia. Nilifika kwa miguu yangu hadi kwenye sindano. Bi Mwanaidi alinichoma, akakaa kitandani kwangu. "Shomari anasema hukuhema," akasema. Nikamuuliza, "Kwa Kiswahili au kwa Kiha?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawa mkali. Nilikuwa nimeanza kujisifu kwamba labda siku moja nitatupa vidonge. "Sindano ni sindano, pumzi ni pumzi. Usinichanganyie. Pumzi imekuleta hapa, dawa imekufungua. Ukitupa moja, nitakurudisha kwenu kwa baiskeli." Sijatupa. Hata leo ile pampu ndogo ya kuvuta iko kwenye mkoba wangu, karibu na miwani.

Desemba nilirudi Kumsenga na jambo la kwanza nililofanya ni kutoboa jiko. Mama alitoka shambani akanikuta na sururu, udongo umenijaa nywele. "Dafroza! Unabomoa nyumba ya mama yako?" Nikamwambia natoboa dirisha. Akasema joto litakimbia. Nikasema likimbie. Akasema, na hapa alikuwa na haki, kwamba moshi ndio unaozuia wadudu kwenye mahindi ya mbegu. Tulibishana siku mbili, na kwa mara ya kwanza maishani nilibishana na mama bila kuishiwa pumzi, jambo ambalo nadhani lilimshtua kuliko tundu. Mwishowe tukaweka ubao wa kufungua wakati wa kupika na kufunga moto ukibaki makaa. Jioni ile alipika bila machozi. Alipakua, akalitazama lile dirisha, akanisogezea kiti karibu nalo, na baadaye nikamkuta amekaa kimya, mdomo amefunga, anasikiliza pua yake mwenyewe.

Januari Mwalimu Bukuru alinipokea bila kuniuliza kitu. Darasa la tatu, watoto zaidi ya themanini, na wale waliopangiwa zamu ndio kwanza wanafagia, bila maji, vumbi limejaa hadi darini. Mwili wangu ulikumbuka. Kifua kilianza kujikaza, na nikaona kabisa ile sentensi ya tatu ya sungura ikinisubiri. Nikafunga dirisha langu, nikafungua madirisha ya darasa. Nikawatoa watoto wote nje, nikawatuma wawili maji, tukanyunyiza, tukangoja vumbi likae. Nje nikawapanga mstari, nikawaambia wapulize uji wa moto. Watoto themanini wakapuliza uji usiokuwepo, nami pamoja nao, wala hakuna aliyejua kwamba yule aliyeuhitaji ni mwalimu. Kisha tukaingia. Nilifundisha Kiswahili, nikafundisha hesabu, nimesimama, na sauti ilifika ukuta wa nyuma. Niliposoma hadithi niliisoma hadi mwisho. Kengele ilipolia nilimwona Mwalimu Bukuru dirishani, na sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. "Kesho njoo mapema," akasema, "barua ina maswali ya kujaza." Nilimwambia asante. Halafu nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikalia kwa furaha, kwa pua.

Bi Mwanaidi alinitembelea chuoni, akacheza kwenye harusi yangu, akawa anakwenda Kumsenga kila mwaka kumsalimia mama hadi miguu yake ilipokataa. Mwaka huu moyo wake ulichoka. Nilikwenda kukaa naye siku za mwisho, katika chumba kile kile kilichokuwa changu, dirisha wazi. Daktari alikuwa amefanya lake. Yeye aliyenifundisha sasa alikuwa anahema, kwa Kiswahili chake, mabega yanapanda, na mimi nilimshika mkono nikawa natoa pumzi ndefu ili anifuate. Alinifuata alipoweza. Alasiri moja aliniona nalia, akainua kidole akagusa mdomo wangu, akaufunga. Adhana ilikuwa inaanza. Mabega yake yalitulia, nami nikafurahi kwa muda mfupi sana kwamba amepata nafuu.

Simu ya kwanza iliyolia ilikuwa ya mama. Ana miaka themanini na kitu, na kila siku saa hizo alikuwa anampa mjukuu simu amsaidie kunipigia. "Mama Nesi arahema?" akauliza.

"Mama," nikasema. "Hahemi tena."

Hakulia. Nilisikia sauti yake, ndogo, ina matumaini ambayo sitayasahau. "Dafroza. Kwa Kiswahili au kwa Kiha?"

Nilivuta hewa kwa pua, nikaitoa yote.

"Kwa vyote viwili, mama."